Dawa ya Deni la Kiwanja

Kwetu kwenye msiba kuna desturi njema. Kabla watu hawajatawanyika makaburini, husimama msemaji wa familia akatangaza kwamba yeyote aliyekuwa akimdai marehemu aende kuwaona wafiwa. Waislamu kwa Wakristo tunaliheshimu jambo hilo, maana hakuna apendaye mzazi wake alale na deni shingoni. Lakini niwaulize, ndugu zangu wenye viwanja: ni nani kati yenu amewahi kusikia pale ikitajwa kodi ya pango la ardhi? Mwenye genge hulipwa, fundi bati hulipwa. Serikali haina sauti ya kujitokeza makaburini, na deni lake huzidi kuhesabiwa marehemu akiwa amekwisha oza.

Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Sisi wenye hati tumemilikishwa kwa muda, miaka 33, 66 au 99, na pango ndilo sharti la kuendelea kukaa. Mpangaji wako akipitisha miezi mitatu hajalipa, unamtolea vyombo nje na mtaa mzima unashuhudia. Wewe mwenyewe una miaka kumi hujapeleka hata senti, na kwenye mkutano wa mtaa unakaa kiti cha mbele ukilalamikia barabara mbovu! Nyani haoni kundule.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haikuficha kitu. Anayechelewa hutozwa riba ya asilimia 1 kila mwezi. Kidogo, eti? Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha deni nacho hujaa vivyo hivyo. Chukua pango la shilingi 50,000 la mwaka mmoja tu, uliache miaka kumi: hata bila riba juu ya riba, riba peke yake ni 60,000, imekwisha lipita deni lililoizaa. Na miaka mingine tisa hujaihesabu. Baada ya hapo huja ilani ya madai, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na asiyesikia kabisa Rais anaweza kumbatilishia milki. Hata kabla ya kufika huko, jaribu kuuza kiwanja chenye deni, au kukihamishia jina la mwanao, uone utakavyozungushwa mpaka ulipe. Wengi hulijua hili siku ya mirathi, mjane akiwa na karatasi mkononi na shemeji wamemkodolea macho.

Kinachonikera zaidi ni hawa wanaongojea msamaha. Mwaka 2022 Serikali ilisamehe riba kwa atakayelipa deni la msingi lote, na muda ukaongezwa hadi mwaka uliofuata. Ulikuwa wema. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji: siku hizi mwenye ghorofa mbili na magari matatu atakwambia bila haya, “Nasubiri watangaze tena.” Na yule mama muuza vitumbua aliyelipa kila mwaka bila kusukumwa, yeye asamehewe nini? Kumsamehe mkaidi kila mara ni kumcheka mwaminifu.

Wala msiniambie Watanzania hawana uwezo wala nia. Hakuna watu wanaojua kutimiza ahadi kama sisi. Mtu huandika laki tatu kwenye kadi ya mchango wa harusi ya mtoto wa jirani, na huzitoa kabla ya tarehe, kwa kuwa kamati itasoma majina. Heshima hiyo tunayo. Tumeamua tu kuipeleka kwenye pilau.

Na kabla sijaweka kalamu chini, nyinyi wenye nyumba za kupangisha nina neno nanyi. Kodi ya majengo tangu 2021 hukatwa kwenye LUKU, na tangu 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 7,500 kwa sakafu ya ghorofa mjini. Mlipaji kwa sheria ni mwenye nyumba. Lakini kijana wa chumba kimoja ndiye anayenunua umeme, ndiye anayekatwa, tena mita ikilala miezi kadhaa hukatwa na malimbikizo ambayo hayakuwa yake. Akikuomba umpunguzie kwenye kodi ya chumba unamwambia ahame. Huko ni kula jasho la mwenzio, na msikitini na kanisani mmelisikia likikatazwa.

Mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Toa ile hati kabatini, ulizia deni lako ofisi ya ardhi ya halmashauri, upewe namba ya malipo, ulipe kwa simu ukiwa umeketi barazani kwako. Na mpangaji wako mrudishie zile 1,500 zake mwezi huu huu.