Mkonga uboreshwe, lakini fundi wa porini asisahauliwe

Wengi wakiitazama Land Cruiser 70, ambayo huku kwetu huitwa Mkonga, huona gari la kizamani. Umbo lake halijabadilika sana tangu 1984, ni kweli. Lakini nimeendesha magari haya miaka mingi kwenye barabara za vumbi, na najua kwa nini yamedumu.

Siri ni injini ya 1HZ: dizeli, lita 4.2, silinda sita, haina turbo wala kompyuta. Pampu yake huendeshwa kwa mitambo mitupu. Ikigoma katikati ya pori, fundi mwenye spana na uzoefu huweza kuiamsha. Ndiyo maana wahudumu wa afya, askari wa wanyamapori na waongoza watalii wanaiamini.

Mwaka 2023 Toyota iliiongezea Land Cruiser 70 injini ya lita 2.8 yenye turbo na gia otomatiki. Inatumia mafuta kidogo na moshi umepungua. Hilo ni jema. Tayari nchini Tanzania na Kenya zipo Land Cruiser zilizogeuzwa kuwa za umeme kwa safari za mbugani, na tembo hawashtuliwi na mngurumo.

Siyapingi mabadiliko. Naomba tu kila teknolojia mpya ije na vipuri, vifaa vya kupimia na mafunzo kwa mafundi wa wilayani. Gari la wagonjwa likikwama masika kwa sababu ya kihisi kimoja, anayeumia ni mama mjamzito aliyemo ndani.