Sauti ishushwe, muziki usikatazwe

Inatosha kijana mmoja. Ni saa mbili za usiku kambini, watu wamekwisha kula kile kilichopatikana, naye anaunganisha simu yake na bafle ndogo. Gitaa zinanguruma, kisha ngoma inaanza kupigwa mbio mbio, ta-ta-ta-ta-ta, na mwanaume anapaza sauti kama mnyama aliyenaswa. Wimbo haujafika katikati, tayari katika hema la tatu mtoto analia na mama yake ameshika mzigo wa nguo, yuko mlangoni. Kwake ile haikuwa ngoma. Alisikia bunduki.

Kesho yake maneno yanafika kwa kiongozi wa kambi. Wazee wanasema huo ni muziki wa shetani, simu ichukuliwe. Vijana wanajibu kwamba wazee hawaelewi kitu. Kila upande una sehemu yake ya ukweli. Lakini kabla ya kukata maneno, inafaa kujua muziki wenyewe ni kitu gani.

Tuseme ilikuwa Kostolom, albamu ya kundi la Urusi linaloitwa Slaughter to Prevail. Wapenzi wa muziki huo wanalijua, lakini Kivu wengi hawajawahi kusikia jina lake. Albamu ilitoka mwezi wa nane mwaka 2021, ikiwa ya pili baada ya Misery Sermon ya 2017. Jina Kostolom kwa Kirusi ni mvunja mifupa. Aina ya muziki inaitwa dethkoo: ni mtoto wa metali nzito na panki kali, aliyezaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Alama yake inajulikana. Wimbo unakimbia kwa kasi kubwa, halafu ghafla unapunguza mwendo, na gitaa pamoja na ngoma zinaanguka kwa pamoja kama mawe yanayomwagwa kutoka kwenye lori.

Kundi hilo lilianzia Yekaterinburg, mji wa viwanda kwenye milima ya Ural, mbali sana na Moscow. Ndipo palipojengwa Uralmash, kiwanda kikubwa cha mashine nzito kilichofunguliwa mwaka 1933. Zamani za Usovieti mji uliitwa Sverdlovsk, na wageni kutoka nchi za nje hawakuruhusiwa kuingia. Hata hivyo, katika miaka ya 1980 vijana wake walitoa makundi ya roki yaliyosikika nchi nzima, kama Nautilus Pompilius na Chaif. Kwa hiyo sauti hiyo ya chuma haikuanguka kutoka mbinguni wala haikupanda kutoka kuzimu. Ina mji wake na ina historia yake.

Wazee wanakosea wanapodhani kwamba mtu anayeimba hivyo amepagawa tu, au amelewa. Mwimbaji wa kundi hilo, anayejulikana kama Alex Terrible, anafanya kazi ya koo inayotaka mazoezi ya miaka. Pumzi inasukumwa kutoka tumboni, na mngurumo unatengenezwa kwa mikunjo ya nyama iliyo juu ya nyuzi za kawaida za sauti. Anayejaribu bila kufundishwa anaweza kuumia koo. Mpiga ngoma naye anatumia miguu yote miwili kwenye ngoma kubwa, na hiyo ndiyo inayotoa ile ta-ta-ta. Akichelewa hata kidogo, kundi zima linapotea. Hasira inasikika, ndiyo, lakini imefungwa kwa hesabu. Mtu mwenye hasira ya kweli hawezi kuhesabu vile.

Hapo ndipo penye faida kwa kijana aliyepoteza shamba, shule na marafiki. Ana hasira, na hakuna anayemuuliza habari yake. Wapo watu wanaotafuta vijana wenye hasira ili wawape silaha, na kila familia iliyohama inalijua hilo. Muziki unaomwonyesha kwamba hasira inaweza kuwa kazi, kwamba inaweza kufanyiwa mazoezi na kupangwa hadi ikawa wimbo, si adui wa nyumba. Ni afadhali apige ngoma juu ya bidoni siku nzima kuliko aende msituni.

Hata masimulizi ya albamu hiyo si mageni kama yanavyoonekana. Wimbo mmoja unaitwa Baba Yaga. Huyo ni bibi kizee mchawi wa hadithi za Kirusi, anayekaa msituni katika nyumba yenye miguu ya kuku na kuruka angani akiwa ndani ya kinu, mchi mkononi. Koko yeyote wa Masisi au Fizi anayejua hadithi za mazimwi angemtambua mara moja. Warusi wamechukua kitisho cha utotoni wakakifanya wimbo, na jina lake hawakulitafuta katika lugha ya wengine.

Lakini vijana nao wana la kujibu. Kwenye albamu hiyo hiyo kuna wimbo ambao jina lake, kwa Kiswahili, ni Niliua Mtu. Wanamuziki wanavaa vinyago vya kutisha vyenye meno. Kwa kijana wa Ulaya aliyelala salama kitandani, hayo ni mchezo wa kuogopeshana. Kwa mama aliyevuka barabara usiku akiacha maiti nyuma, neno kuua si mchezo, na mvunja mifupa si jina la albamu. Yeye hakuchagua kusikiliza. Ukuta wa turubai hauzuii sauti, na bafle ya mmoja kambini ni bafle ya wote. Kumwambia mama huyo kwamba haelewi muziki ni kumkosea heshima. Anaelewa vizuri sana mlio unaofanana na ule.

Kuna swali lingine pia, nalo ni gumu zaidi. Je, familia iliyokimbia vita isikilize kundi la Urusi, wakati jeshi la Urusi liliingia Ukraine mwezi wa pili mwaka 2022 na kufanya mamilioni ya watu wahame? Kostolom ilitoka kabla ya uvamizi huo, na gitaa halibebi dhambi ya serikali. Watu wa Kivu wanajua uchungu wa kuhukumiwa kwa lugha au kwa kabila, kila mara vita vinapozuka. Lakini anayesikiliza Warusi asiwasahau walio upande wa pili wa mpaka. Ukraine kuna kundi la metali linaloitwa Jinjer, kutoka Horlivka katika mkoa wa Donetsk. Vita vilipoanza huko mwaka 2014, wanamuziki wake waliacha kwao, wakaenda kuanza maisha sehemu nyingine ya nchi yao. Walikuwa wahamaji wa ndani, kama wengi wanaosoma habari hii. Kwenye albamu yao Macro ya mwaka 2019 kuna wimbo, Home Back, unaozungumza juu ya vita na nyumba iliyopotea. Sauti ni ile ile nzito, na koo linanguruma vile vile. Kumbe mlio huo unaweza pia kubeba kilio cha aliyefukuzwa kwake.

Basi uamuzi unaofaa si kunyang'anya simu, wala si kuwaacha vijana wafanye wapendavyo. Muziki huo usikilizwe kwa waya za masikioni, au mchana, uwanjani, mbali na mahema. Giza likiingia, bafle inyamaze, kwa sababu usiku ndio wakati watu wengi walikimbia, na mwili haujasahau. Watangazaji wa redio za mitaa nao, wakitaka kupiga nyimbo za namna hiyo, wawaonye wasikilizaji kwanza, ili mtu apate muda wa kupunguza sauti au kumtoa mtoto karibu na redio. Viongozi wa kambi wasiandike sheria ya shetani. Waandike sheria ya saa, kila mtu ataielewa.

Na mzazi, kabla ya kugomba, aombe waya moja ya sikioni. Akae karibu na mtoto wake dakika tatu, avumilie mlio huo, kisha aulize: mwanangu, huyu mtu analia nini? Huenda kijana akaeleza habari za wimbo. Huenda pia akaanza kueleza yake mwenyewe, yale ambayo tangu siku ya kukimbia hajamwambia mtu.