Mama Akihamia Mjini Baada ya Eda



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, alitujia kijana mmoja wa mtaa wetu hapa Mombasa, uso umesawijika. Mama yake, aliyefiwa na mumewe kule Lamu, alikuwa amehamia kwake miezi mitatu nyuma. "Sheikh," akasema, "mama tumempa chumba chake, kitanda kipya, feni na redio. Mke wangu hamwachi hata kuinua mwiko. Lakini hali vizuri, hazungumzi, na jioni husimama dirishani mpaka adhana ya Magharibi. Tumemkosea nini?"

Tulimjibu upesi kuliko ilivyotupasa. Tulimwambia amkumbushe mama habari za subira, na kwamba ardhi yote ni ya Mwenyezi Mungu. Akaenda akafanya hivyo. Mama akazidi kunyamaza. Ilibidi mama watoto wetu aende akakae naye, waulizane koo na mitaa kama ilivyo ada ya watu wa pwani, ndipo yakatoka yaliyokuwa moyoni. Tunayaandika kwa idhini yake, bila ya kumtaja jina, kwani nyumba nyingi zina mama kama huyu.

Eda yake ya miezi minne na siku kumi ilikwisha Jumatano. Jumapili yake alikuwa mashuani akivuka kwenda Mokowe kupanda basi. Katika siku hizo chache wanawe waligawa vyombo na kufunga nyumba, wala hakuna aliyemuuliza. Wao waliona ni huruma, mama asibaki peke yake, na kweli ilikuwa huruma. Lakini mtu aliyeishi miaka arubaini katika mji wa punda na vichochoro visivyopitika gari, ambamo kila apitaye humwamkia, ghafla ameamka ghorofa ya nne, nyuma ya lango la chuma, na chini tuktuk na matatu zapiga honi. Hata ulimi wake umekuwa mgeni. Siku moja alimwita mjukuu wake, "Ndoo!" kwa Kiamu chake, yaani njoo, mtoto akamletea ndoo ya maji. Watu wa nyumbani wakacheka, naye akacheka, kisha usiku akalia.

Tuwarejee waliohama kabla yetu. Mtume wetu (S.A.W.) na Masahaba walipofika Madina, baadhi yao walishikwa na homa, wakiwamo Abubakar na Bilal (R.A.). Bibi Aisha (R.A.) ametusimulia kwamba Bilal, homa ikimwachia, alikuwa akipaza sauti kwa beti za kutamani kulala tena usiku mmoja katika bonde la Makka, kati ya majani yake, na kuiona milima ya kwao. Huyu ni Bilal, aliyelazwa juu ya mchanga wa moto na kuteswa katika mji huo huo, naye akiulilia! Bibi Aisha akampelekea Mtume habari. Mtume hakumkemea, wala hakumwambia imani yake ina upungufu. Alimwomba Mola awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka, au zaidi. Mapenzi ya mji wa zamani yalikiriwa ndani ya dua yenyewe. Sisi tulimpelekea mama subira kabla ya kumpelekea sikio, na kosa hilo ni letu.

Kuna na kisa cha Abdurrahman bin Auf (R.A.). Alipounganishwa udugu na Saad bin Rabii, Ansari tajiri, Saad alimtolea nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akataka aoneshwe soko. Akaenda, akarudi na jibini kavu na samli. Saad alitoa kwa moyo mweupe, lakini mhamiaji alitaka kitu kisichopatikana katika zawadi: kuijua njia na kuwa na shughuli yake. Mama yetu huyu hakuijua njia ya Marikiti. Hakuwa na ufunguo wa lango. Na jikoni, mkaza mwana wake, binti mwenye adabu ambaye hatumlaumu, humwambia "Mama, pumzika" kutwa mara kumi. Mtu aliyepika umri wake wote akikatazwa jiko, atapumzika na nini ila mawazo?

La nyumba ya Lamu ndilo lililotukasirisha. Wanawe waliipangisha, na kodi wakaitia katika matumizi yao, kwa hoja kwamba mama anakula kwao. Tulimwita kijana tukamwambia waziwazi: mjane ambaye mumewe ameacha watoto ana thumuni ya mirathi, sehemu 1 katika 8, na ni yake hata akilishwa asali kila siku. Apewe fungu lake la kodi mkononi. Akitaka kuwanunulia wajukuu visheti, hiyo ni hiari yake. Na akitaka kwenda Lamu mwezi mzima, au Mfungo Sita kwa Maulidi, apelekwe. Kijana alinyamaza, kisha akasema hakuwa amefikiri. Tulimwamini. Nduguye mmoja angali anasita, nasi tumewaambia kwamba wakishindwa kusikilizana, Mahakama ya Kadhi iko wazi.

Nanyi mama zetu na dada zetu mkaao ghorofani, yumo mgeni wa namna hii katika jengo lenu? Mtume (S.A.W.) alimuusia Abudhar (R.A.) azidishe maji katika mchuzi wake ili jirani apate. Wala msingoje aje kubisha hodi. Hajui abishe mlango upi.

Mama huyu sasa ana ufunguo, na Alhamisi huenda darsa la wanawake pamoja na mama watoto wetu. Dirishani bado husimama. Juma lililopita mjukuu wake alituletea sahani ya mkate wa sinia alioupika kwa mikono yake. Sahani ingali hapa kwetu, na mwenye jiko anatafakari airudishe na nini.

Wabillahi tawfiq.