Wakili Atafutwe Ajali Ilipotokea

Msimu ukikaribia gazeti letu huandika juu ya majamvi, bei na wezi wa karafuu mbichi. Safari hii twayaacha hayo kando kidogo, kwani liko jambo jingine linalomhusu mwenye shamba na mchumaji sawasawa. Nalo ni hili: mtu akisha kupatwa na ajali ugenini, amtafute wakili gani, na amtafute wapi?

Ajali ya mkarafuu twaijua sote. Tawi la mkarafuu hukatika bila ya kuonya, na ni nadra msimu kupita bila ya kusikia mtu kaletwa kutoka shamba akiwa amevunjika. Lakini kwa ajali hiyo mlango wa kubisha twaujua. Sheha yupo, hospitali si mbali sana, na Shirika la Biashara la Taifa, yaani ZSTC, limekuwa likitoa fidia kwa watu walioanguka mikarafuu. Fidia hiyo haimrejeshei mtu mguu wake, walakini huombwa bila ya kwenda mahakamani. Taabu khasa yaanza pale ajali inapotokea mahali ambapo hapana sheha anayekujua wala ndugu wa kukupelekea uji.

Na watu wetu huenda mbali. Tuichukue Nambambo, katika Wilaya ya Nachingwea, Mkoa wa Lindi. Tumeichagua kwa makusudi, kwa kuwa mtu anayetoka Wete hana budi kuvuka bahari mpaka Dar es Salaam, kisha apande basi la kusini, safari ya kuchosha. Hata hivyo nchi ile si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Katika watu waliokuja zamani kutuchumia karafuu wako waliotoka kusini ya Bara, na leo ni vijana wetu wanaokwenda kwao na mitumba na khanga kufuata fedha ya korosho. Wazee watakumbuka kusikia khabari za Nachingwea wakati Waingereza walipojaribu kulima karanga huko tangu 1947, jambo lililowashinda kufikia 1951. Reli waliyoijenga kwa ajili ya karanga hizo ilifungwa 1962. Kwa hiyo leo gunia la korosho, abiria, na kijana wetu na furushi lake, wote hupita barabara moja, na msimu wa korosho ukifunguka mnamo Oktoba malori huwa mengi.

Basi tumtie katika fikira kijana mmoja wa kisiwani, amepakiwa kwenye pikipiki pale Nambambo, lori likamgonga. Mguu umevunjika mahali pawili. Kapelekwa hospitali ya wilaya Nachingwea, na pengine kutoka hapo atapelekwa Ndanda, au Lindi, au hata Muhimbili. Siku ya tatu anakuja mtu aliyevaa vizuri, ana maneno laini, anamwita "ndugu yangu", na mkononi ana bahasha. Asema: yamekwisha kutokea, ni kazi ya Mungu, tumalizane kiungwana. Ndani ya bahasha mna fedha ya kutosha dawa za mwezi na nauli ya kurudia nyumbani. Pamoja na fedha mna karatasi, nayo yasema kwamba aliyeumia amepokea kiasi fulani na hana dai lolote tena juu ya mtu yeyote. Kijana ana maumivu, hana mtu, atia saini.

Hatumlaumu. Hata sisi, tukiwa kitandani na mguu umefungwa mawe, huenda tungalitia. Lakini ile karatasi humgharimu mtu kuliko lori lenyewe, kwa sababu mguu wa kuvunjika haujulikani siku ya tatu. Hujulikana mwaka wa pili, pale mtu anapoambiwa chuma kitolewe, au kwamba hatapanda tena mkarafuu maisha yake. Kwa hiyo neno letu la kwanza kwa mwanachama ni kwamba mtu wa bahasha asikilizwe kwa adabu, apewe shukrani kwa kuja kumtazama mgonjwa, na aambiwe kuwa karatasi itasomwa kwanza na wakili. Kama nia yake ni njema atangoja.

Hapo ndipo lije swali la wakili gani. Jamaa walioko nyumbani aghlabu humkimbilia wakili wanayemjua hapa hapa kisiwani, kwa kuwa aliwahi kuwasaidia katika mirathi au mgogoro wa shamba. Nia nzuri, lakini njia siyo. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na Tanzania Bara ina yake, na kila upande una daftari lake la mawakili. Mahakama inayoziunganisha pande mbili ni Mahakama ya Rufani peke yake. Wakili aliyeandikishwa Unguja tu hasimami Nachingwea kwa uandikishaji huo, seuze vakili wa mahakama za chini. Wako walioandikishwa kote kuwili, na ni haki kumuuliza wakili swali hilo kabla ya kumpa hata senti moja.

Sheria ya Bara yasema kwamba mtu aliyeumizwa mwili wake aweza kufungua dai ama mahali alipoumizwa, ama mahali anapokaa au kufanya kazi yule anayemdai. Basi kama mwenye lori ana ofisi yake Dar es Salaam, khiyari ipo. Wako wanaosema kwamba afadhali Dar es Salaam, kwani ndiko waliko mawakili wengi na wenye majina. Hatuwapingi kabisa. Lakini natutazame yaliko mambo yenyewe. Askari aliyepima barabara yuko Nachingwea. Jalada la polisi liko huko. Daktari wa kwanza, muuza chai aliyeona lori likihama upande wake, na dereva wa pikipiki, wote wako huko. Wakili wa Dar es Salaam kila akitaka kuonana nao ni safari, na kesi zetu zajulikana kwa kuahirishwa. Kila ikiahirishwa ni nauli na malazi, na atakayelipa ni mwenye mguu. Rai yetu ni kwamba atafutwe kwanza wakili wa Lindi au Mtwara, ambako Mahakama Kuu ina masjala yake Mtwara kwa mikoa yote miwili, na ambaye Nachingwea na Ruangwa kwake ni njia ya kila mwezi. Huyo aweza kumjua karani wa mahakama ya wilaya kwa jina, na hilo si jambo dogo.

Sasa atapatikanaje? Asitafutwe mlangoni mwa hospitali. Huko Bara watu wana neno, "wakili kishoka", yaani mtu mwenye mkoba na tai lakini hana daftari lolote lililo na jina lake. Dawa yake ni nyepesi. Kila wakili wa Bara lazima ahuishe cheti chake cha kazi kila mwaka, na Mahakama imeweka mtambo uitwao e-Wakili ambamo mtu yeyote mwenye simu ya mkononi aweza kutazama kama jina limo na cheti ki hai. Chama cha Mawakili wa Tanganyika, kilichoanzishwa tangu 1954, nacho huulizwa. Kijana yeyote wa skuli ataweza kumfanyia babu yake kazi hiyo kabla ya chai kupoa.

Asiye na fedha ya wakili asikate tamaa mapema. Bara ilitunga sheria ya msaada wa kisheria 2017, na Zanzibar ikatunga yake 2018. Kwa sheria hizo wako wasaidizi wa kisheria wilayani na vijijini, ambao kazi yao haina malipo. Msaidizi hasimami mbele ya hakimu kama wakili, lakini hukuandikia barua, hukufuatana nawe polisi, na hukuonyesha wakili anayekubali kumsaidia maskini. Kampeni ya Mama Samia ya msaada wa kisheria, iliyoanza 2023, nayo imezunguka mikoani kwa kazi hiyo. Na hapa kwetu Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tangu 1992, nacho kina ofisi Pemba; jamaa wa majeruhi waweza kuanzia hapo wakaomba kuelekezwa kwa wenzao wa Bara, wakati mgonjwa angali amelazwa kusini.

Walakini wakili, hata awe hodari namna gani, hupika kwa kuni alizoletewa. Kuni hizo hukusanywa siku za mwanzo, na aghlabu na mtu asiye mgonjwa. Ya kwanza ni fomu ya polisi namba tatu, PF3, ambayo hospitali huijaza. Kopi yake itunzwe. Pili ni namba ya gari. Akiwa na namba ya gari mtu aweza kuuliza katika mtambo wa Mamlaka ya Bima, TIRA, ajue gari lina bima ya kampuni gani na kama ilikuwa hai siku ile. Bima ya kumlinda mtu wa tatu ni lazima kwa sheria kwa kila gari barabarani, na mara nyingi mwenye uwezo wa kulipa ni kampuni ya bima, siyo dereva ambaye mshahara wake haumtoshi mwenyewe. Kampuni nayo ipelekewe taarifa ya dai mapema na kwa maandishi. Ikikataa au ikizungusha, iko ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambayo huweza kumwepusha mtu na kesi ndefu.

Tatu ni stakabadhi. Hapa twataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wetu hupoteza fedha zao. Fidia mahakamani ni ya namna mbili. Maumivu na kilema hukadiriwa na hakimu mwenyewe. Lakini fedha iliyotumika, dawa, nauli, magongo, basi la mama aliyekwenda kuuguza, lazima idaiwe kwa hesabu na ithibitishwe kwa ushahidi. Mahakama ya Rufani ililisisitiza jambo hilo 1992, na mahakama za chini hulifuata mpaka leo. Mtu husema kweli kwamba alitumia milioni mbili, hakimu akamwamini kwa moyo, lakini kwa kalamu akampa kidogo, kwa kuwa karatasi hazipo. Mkoba wa nailoni wa kutia stakabadhi hauna bei kubwa.

Iko dhana nyingine yatupasa kuiondoa. Watu huona dereva kapelekwa mahakamani, kapigwa faini, wakasema kesi imekwisha. Iliyokwisha ni ya Serikali. Faini haiingii mfukoni mwa aliyevunjika, wala hukumu ile haimzuii kudai. Bali humsaidia, kwani dereva akisha kutiwa hatiani na hukumu ikawa ya mwisho, hukumu hiyo ni ushahidi mkubwa katika dai la fidia. Kwa hiyo nakala yake iombwe. Na dai lenyewe lisilazwe: sheria ya Bara yatoa miaka 3 tangu siku ya kudhuriwa, na miaka mitatu kwa mtu anayejiuguza hupita kama msimu mmoja.

Kama kijana wetu hakuwa abiria bali aliajiriwa, tuseme alikuwa mpakiaji juu ya lori lile lile, njia yake ni nyingine. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Bara umekuwa ukifanya kazi tangu Julai 2015, na mwajiri ndiye anayeuchangia. Dai huko halihitaji wakili, illa ajali iripotiwe kwa mwajiri bila kuchelewa, wala miezi 12 isiachwe ikapita.

Juu ya ujira wa wakili twasema maneno machache tu. Mapatano yaandikwe, yaseme kazi ni ipi na malipo ni kiasi gani, na kila malipo yawe na stakabadhi. Anayekataa kuandika yafaa aachwe. Na wakili wa Bara akila fedha ya mteja, iko Kamati ya Mawakili ya kupelekewa malalamiko. Si lazima mtu anyamaze kwa kuwa yule ni msomi.

Twamaliza kwa ombi kwa halmashauri ya chama. Wakulima wenzetu wa korosho wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale wana chama chao kikuu, RUNALI. Tumeona yafaa katibu wetu awaandikie, awaombe majina ya mawakili na wasaidizi wa kisheria wanaoaminika kwao, nasi tuwape ya kwetu kwa ajili ya watu wao walioko huku. Na mwanachama yeyote aliyewahi kushughulikiwa vizuri na wakili wa Lindi, Mtwara au Dar es Salaam katika shauri la ajali, alete jina kwa katibu kabla ya mkutano wa kufungua msimu, pamoja na neno moja juu ya ujira aliolipa. Daftari litawekwa ofisini, na litasomwa bure.