Breki za mashauzi, tairi kipara

Wadau, leo mniwie radhi, nina hasira.

Juzi mshikaji wangu kanipa lifti kutoka Ujiji. Gari lake dogo, la miaka ya tisini, kalifunga seti mpya ya breki aliyoagiza Dar: diski pana zenye matundu, kalipa nyekundu zinazochungulia kwenye rimu. Njia nzima ananihubiria hizo breki. Tukapita Mwanga, tukaanza kuteremka Lumumba kuelekea stesheni, manyunyu yanaanguka. Bodaboda akakatiza. Jamaa kakanyaga. Magurudumu yakagoma kuzunguka, gari likaendelea kuteleza kama mtumbwi. Tulisimama hatua mbili tu kutoka kwa yule kijana. Nikashuka kukagua: tairi zote nne kipara!

Hivi jamani, hizo breki zilikuwa zinashika nini? Breki hushika gurudumu. Tairi ndiyo inayoshika barabara. Kama zile breki za zamani ziliweza kufunga gurudumu, hizi mpya zimeongeza nini pale?

Msinielewe vibaya. Breki kubwa zina kazi yake: hubeba joto jingi na kulitoa haraka, ndiyo maana magari ya mashindano yanazifunga. Sasa wewe unayekwenda Kibirizi kununua dagaa unashindana na nani?

Nikamuuliza kuhusu oili ya breki. Eti fundi kaongezea tu juu ya ile ya zamani! Oili hii hunyonya unyevu wa hewani. Kwa kiwango, DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kama asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi 140. Ikichemka mteremkoni inatoa mvuke, mguu unazama mpaka chini na gari linakwenda tu. Hapo wekundu wa kalipa utakusaidia nini?

Na nyie mafundi na wauza spea, mnafunga seti ya bei mbaya kwenye gari lenye tairi kipara na mnanyamaza. Hela mmeshapata!

Anza na tairi. Kisha oili mpya, pedi na lainingi nzima. Mteremkoni weka gia nzito. Hela ikibaki, pamba unavyotaka.

Yule kijana wa bodaboda ana watu wanaomsubiri nyumbani.

Nawasilisha.