Jiografia ya kudesa itatuua

Nimekuwa kimya wiki tatu hivi na sio kwa sababu ya tesiti peke yake. Nilikuwa na hasira, na bibi yangu alinifundisha kwamba mtu mwenye hasira asipike wala asiseme na wakubwa. Leo imepoa kidogo. Niko hosteli, mwenzangu anakoroma, basi ngoja niseme.

Mnakumbuka niliwaaga kwamba likizo fupi tunakwenda Engaresero, kule Ziwa Natron. Tulikuwa 16, karibu wote tunasomea Ualimu. Basi mpaka Arusha, halafu magari ya kukodi kupitia Mto wa Mbu, vumbi mpaka kwenye meno. Ukifika kule unaona Ol Doinyo Lengai imesimama peke yake, nchi kavu kabisa, jua kali. Halafu unaingia kwenye korongo. Maji yanateremka kutoka juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, kuta za mwamba kushoto na kulia, wewe unatembea humo humo mtoni, unashika mawe, mpaka unafika kwenye maporomoko. Pazuri jamani, sitadanganya.

Kabla hatujafika kwenye maporomoko, mwenyeji aliyekuwa anatuongoza akasimama. Kijana wa Kimasai, umri wetu tu. Aliinama, akaangalia maji. Yalikuwa meupe, sasa yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, na yanabeba vijiti na majani. Akasema, "Tutoke. Juu kumenyesha."

Mratibu wetu akacheka. "Mvua iko wapi? Si unaona jua hilo?" Wengine wakadakia kwamba tumechanga hela, tumesafiri siku mbili, hatuwezi kurudi bila picha. Watano wakaendelea mbele. Sisi wengine tukapanda kwenye mawe tukawa tunabishana, na yule kijana akawakimbilia wale watano akawarudisha kwa kuwavuta mikono. Waliporudi, pale tulipopita maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu yalikuwa yamefika kiunoni. Dada mmoja alichanika mguu, simu tatu zilikwenda na maji, viatu sijui vingapi. Hakufa mtu.

Sasa ndiyo maana naandika. Kwenye kundi letu la safari, habari hii imekuwa kichekesho, na tangazo limeshatoka: Pasaka tunarudi, safari hii na mwaka wa kwanza. Pasaka, wadau. Wakati wa masika. Nilipohoji nikajibiwa, "Mbona tulirudi salama?"

Kurudi salama sio hoja. Mtu anaweza kuvuka barabara ya Morogoro amefumba macho akafika ng'ambo, hatutamwita mtaalamu wa kuvuka. Tulirudi salama kwa sababu mtu mmoja aliangalia maji badala ya kuangalia kamera, na huyo mtu hakuwa mmoja wetu.

Wengine wananiambia ajali ni kudra. Sawa, kifo kimeandikwa. Lakini angalieni yanavyojirudia. Hell's Gate, jirani na Naivasha hapo Kenya, kuna korongo jembamba ambalo watu hupenda kutembea ndani yake. Aprili 2012 vijana saba wa kundi la kanisa walisombwa humo na mafuriko ya ghafla. Septemba 2019, korongo hilo hilo, watu saba tena, mmoja wao ni mwongozaji. Nendeni mbali zaidi: Antelope Canyon, jangwa la Arizona, Agosti 1997, watu 11 walikufa wakati mvua kubwa ilinyesha maili kadhaa juu yao, sio pale walipokuwa. Uswisi, korongo la Saxetbach, Julai 1999, walikufa 21, na baadaye mahakama ikawatia hatiani watu sita wa kampuni iliyowapeleka kwa uzembe. Mahakama haikusema kudra.

Nchi tofauti, miaka tofauti, na sababu ni ile ile: mvua inanyesha juu, korongo ni mfereji, maji yote ya eneo kubwa yanabanwa kwenye upenyo wa mita chache, na walio chini wanaona jua. Ardhi kavu na mwamba havinywi maji haraka, kwa hiyo mvua ya muda mfupi inatosha.

Na hapo ndipo aibu yangu inapoanza. Haya yote niliyaandika kwenye mtihani mwaka jana! Beseni la mto, mtiririko wa juu ya ardhi, mafuriko ya ghafla katika nchi kame. Nilipata A. Mratibu wetu naye alipata A. Tulikariri desa lile lile, lililochapwa sijui mwaka gani, tukalitapika, tukalisahau. Nilipoyaona maji yamebadilika rangi kichwani mwangu hakikuja kitu. Na yule kijana aliposema tutoke sikufungua mdomo kumuunga mkono, kwa sababu niliogopa kuitwa mwoga. Kwa hiyo simsemi mratibu peke yake, najisema na mimi.

Wikiendi iliyopita nilikwenda nyumbani Fukayosi nikamsimulia bibi. Bibi hajasoma zaidi ya kujua kuandika jina lake. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, maji yalipochafuka mlikuwa mnangoja nini?" Nikamwambia jua lilikuwa linawaka. Akanitazama kwa huruma. "Kwani Ruvu ikijaa huwa tumenyeshewa sisi? Maji yale yanatoka Uluguru huko. Wewe si umekulia hapa?" Halafu akamalizia, "Huko chuoni mnasomea nini hasa?"

Nilikosa jibu, na mpaka leo sina. Sisi miaka miwili ijayo tutakuwa tunashika darasa la watoto 60 au zaidi. Mzazi atampa mwanawe nauli ya safari ya masomo kwa sababu mwalimu yupo. Mwalimu huyo ndiyo sisi, tunaojua kufafanua mafuriko ya ghafla na hatujui kuyaona yakija.

Najua wapo watakaosema basi chuo kipige marufuku safari zote. Hapana, hilo nalikataa kwa nguvu zote. Ukifuta safari unabakiza madesa matupu, na madesa ndiyo yaliyotufikisha hapa. Mimi nataka twende, tena wengi, ila twende kama watu wanaosoma. Korongo lisiingiwe wakati wa masika. Kabla ya kuingia tuulize hali ya hewa ya kule juu maji yanakotoka, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa upo kila siku, na wenyeji wana simu. Tujue mapema pa kupandia. Mwenyeji akisema tutoke, tunatoka, maswali baadaye. Na mtu yeyote, hata wa mwaka wa kwanza, akisema anaogopa, asichekwe.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kule Engaresero mwenyeji nusura afe kwa ajili ya wageni, na tulipoondoka hatukumpa hata asante ya maana, tulikuwa tunagombana nani alipe simu.

Kwa hiyo mratibu, najua unasoma hapa. Wewe ni rafiki yangu na utabaki kuwa rafiki yangu. Mchango wangu wa Pasaka situmi. Ukihamishia safari mwezi wa saba, kiangazi, natuma siku hiyo hiyo, na nitamtafuta yule kijana mwenyewe. Na nyie mwaka wa kwanza mlioorodheshwa, kabla hamjalipa mwulizeni swali moja tu: maji ya korongo hilo yanatoka wapi? Akishindwa kuwajibu, bakini na hela zenu.

Ni hayo tu. Nawakilisha. Kesho nina semina saa mbili asubuhi na sijasoma hata ukurasa.