Mwanafunzi Anayeandika kwa Sauti
Mwanafunzi wa Fort Ternan ambaye vidole vyake haviwezi kushika kalamu anaweza leo kuketi kivulini, akaiweka simu gotini na kuisemea insha yake. Google iliongeza Kiswahili katika huduma yake ya kuandika kwa sauti mwaka 2017, nami hufurahi kila ninapokumbuka hilo. Lakini msikilizeni kwanza. Katika Kikipsigis, lugha ya mama yake, sauti za k na g hazitofautishi maneno. Aliyekulia humo huenda akasema "kari" akikusudia "gari", na programu iliyozoea ndimi nyingine ikaandika "kali". Sisi tunaopanda naye matatu tunamwelewa bila taabu. Mashine ndiyo inayomlazimu arudie sentensi mara tatu, wenzake wakiwa wamekwisha kufunga madaftari. Na siku ya mtihani je? Anayeandika kwa kusema hawezi kukaa ukumbini na mamia wanaoandika kimya: anahitaji chumba chake, intaneti isiyokatika na muda wa kusahihisha. Hiyo si hisani. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kuvuka vikwazo vya hali yake. Wakuu wa vyuo vikuu, mkianzia na Kabianga katika kaunti yetu hii ya Kericho, tengeni vyumba hivyo kabla ya mitihani ijayo, na muwaulize wanafunzi wenyewe ni programu gani inayowasikia.